MGONJWA NA AULIZWE UJI

Wahenga wetu walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Leo nimeshika kalamu kuwapinga wahenga, nami naomba radhi mapema kabla sijachapwa. Nasema hivi: mgonjwa na aulizwe uji! Tena aulizwe chai aliyokunywa, aulizwe vidonge vya jana na sindano ya juzi. Asipoulizwa, basi aseme mwenyewe, au amsemee yule aliyetumwa dukani.

Kilichonisukuma kusema haya ni dawa moja ya pumu iitwayo aminofilini. Usilikimbie jina, msomaji. Ndugu wa dawa hii unamnywa kila asubuhi kwenye kikombe cha turungi kabla ya kengele kulia. Ni ndugu wa damu kabisa, kama nitakavyokuonyesha. Lakini kwanza nikupe kisa chenyewe, maana bila kisa utadhani natapika tu nilichokariri katika somo la kemia.

Susu yangu (nyanya, kwa wasio Wakamba) anaishi nasi hapa Kathonzweni, upande wa barabara iendayo Makindu. Kifua kilianza kumsumbua kabla sijazaliwa. Ukifika msimu wa vumbi, ndengu zimevunwa na upepo unapeperusha mashamba matupu, au zikija zile asubuhi za baridi za Julai na moshi wa kuni umejaa jikoni, utamsikia kifua kikipiga filimbi ukiwa bado uko uani. Pumu ikimkaba huketi ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, na hawezi kumaliza sentensi moja bila kupumzika. Mimi nimekua nikiisikia filimbi hiyo. Usiku ikinyamaza ndipo naamka kwa hofu.

Kwa miaka mingi Susu alikuwa akinunuliwa vidonge vyeupe katika duka moja la dawa. Silitaji duka hilo, wala sitalionyesha kwa kidole. Vidonge vilihesabiwa mmoja mmoja, vikatiwa ndani ya kibahasha cha kaki, na juu yake ikaandikwa kwa kalamu: 1×3. Basi. Hakuna jina la dawa, hakuna miligramu, hakuna tarehe. Nyumbani tuliviita "vidonge vya kifua", na sote tukaridhika.

Mwaka jana, likizo ya Agosti, Susu akashikwa na homa na tumbo. Mwaitu alikuwa ameenda Wote kutafuta kibarua, kwa hiyo nikatumwa mimi. Siku hiyo nikaenda duka jingine lililokuwa karibu. Nikaeleza: ni mzee, ana homa, tumbo linamkata, kichwa kinamwanga. Mwuzaji hakunichelewesha. "Hiyo ni taifodi," akasema, akanihesabia vidonge vikubwa kwenye kibahasha kingine cha kaki. Akaandika: 1×2, siku 7. Hakuniuliza kama mgonjwa anatumia dawa nyingine. Nami sikusema. Nataka uiweke akilini sentensi hiyo fupi, msomaji, kwa kuwa imeninyima usingizi zaidi ya mtihani wowote: nami sikusema.

Siku ya tatu Susu akaanza kutapika. Mikono ikawa inamtetemeka hata kikombe kikamwaga chai mapajani. Usiku hakulala, akalalamika kwamba moyo unamdunda kama ngoma ya kilumi. Yeye akadhani ni pumu inayobisha hodi. Akaniambia nimwongezee kidonge kimoja cha kifua na nimchemshie turungi nzito, maana tangu zamani alijua kwamba turungi hufungua kifua. Mjukuu mtiifu nikampa vyote viwili. Kesho yake asubuhi akaanguka karibu na mafiga, mwili ukaanza kujitupatupa, macho yamegeuka. Jirani mmoja akanong'ona kwamba amerogwa. Kumbe mchawi nilikuwa mimi, na tunguri langu lilikuwa kikombe cha chai!

Tulimkimbiza hospitalini kwa Probox ya jirani. Daktari alipomtuliza ile degedege kwa sindano, alitugeukia na kuuliza swali moja tu: "Amekuwa akimeza nini?" Nikampa bahasha zangu mbili. Akazigeuza mbele na nyuma. Akasoma kwa sauti: "Moja mara tatu. Moja mara mbili." Kisha akasema neno ambalo sitalisahau: "Kijana, hii ni hesabu ya darasa la pili. Dawa iko wapi?"

Ilibidi wavimwage vidonge mezani, wavitazame alama, wampigie simu huyu na yule. Muda wote huo Susu amelala pale, moyo unakwenda mbio kama wa mtoto aliyefukuzwa na nyuki. Hatimaye majina yakapatikana. Vidonge vya kifua vilikuwa aminofilini. Vile vya taifodi vilikuwa siprofloksasini. Kila kimoja ni dawa halali, kila kimoja kimeokoa watu wengi. Kuviweka pamoja bila uangalizi, hapo ndipo mambo yaliharibika.

Shule ilipofunguliwa nilirudi na majina hayo mawili nimeyaandika kwenye jalada la daftari, nikamganda mwalimu wa kemia kama kupe. Haya nitakayokueleza niliyapata kwake na katika vitabu alivyonipa.

Kemia haitaki kuogopwa. Chora pembesita. Ubavuni mwake bandika pembetano, ziwe kama nyumba mbili zilizojengwa kwa ukuta mmoja katikati. Kwenye pembe zote tisa gawa atomi tano za kaboni na nne za nitrojeni. Upande wa pembesita uongeze oksijeni mbili, kisha haidrojeni nne zinazostahili. Umejenga molekuli ya zanthini, C5H4N4O2. Si kitu cha kigeni, kwani hata mwili wako huipitia unapovunjavunja chembe zake zilizochakaa, kabla haijawa asidi ya yuriki inayotoka na mkojo.

Sasa chukua kikundi kiitwacho methili, yaani kaboni moja yenye haidrojeni tatu, uanze kukipachika kwenye nitrojeni. Ukipachika methili tatu, kwenye namba 1, 3 na 7, umepata kafeini, ile inayotuamsha wakati wa maandalio. Ukipachika mbili, kwenye namba 3 na 7, umepata theobromini ya kakao, ambayo ndiyo inayoweza kumwua mbwa akila chokoleti nyingi. Ukipachika mbili vilevile lakini kwenye namba 1 na 3, umepata theofilini. Hebu tazama ajabu hii: theofilini na theobromini zina fomula moja, C7H8N4O2. Tofauti ni mahali ilipoketi methili moja tu. Ni kama maneno yenye herufi zilezile, "tabu" na "buta", lakini maana mbali kabisa.

Theofilini ilitolewa kwenye majani ya chai mwaka 1888 na Mjerumani Albrecht Kossel. Wakati huo nchi yetu haikuwa na mche hata mmoja wa chai, kwani ule wa kwanza ulipandwa Limuru mwaka 1903. Katika kikombe cha chai theofilini ni chembe ndogo mno, haitoshi kutibu mtu. Ungehitaji magunia ya majani kumtibu Susu mmoja. Ndiyo maana wanakemia walitafuta njia ya kuiunda wenyewe. Emil Fischer na Lorenz Ach waliiunda mwaka 1895, naye Wilhelm Traube akatoa njia nyepesi zaidi mwaka 1900, akianza na vitu vya kawaida vya maabara. Kwa hiyo kidonge unachonunua leo Kathonzweni hakikutoka Kericho wala Nandi. Kimetoka kiwandani.

Ila theofilini ilikuwa na kasoro moja: haiyeyuki vizuri katika maji. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu walizifunga molekuli mbili za theofilini kwa molekuli moja ya kitu kiitwacho ethilini-daiamini. Huo mzigo wa watu watatu ndio aminofilini. Inayeyuka vyema zaidi, kiasi kwamba inaweza hata kupitishwa kwenye mshipa. Ikifika mwilini mzigo hufunguka na theofilini ikaenda kufanya kazi. Katika kila miligramu 100 za aminofilini, takriban 80 ni theofilini yenyewe.

Na turungi je? Susu hakuwa mjinga. Daktari Mwingereza Henry Hyde Salter, ambaye mwenyewe aliugua pumu, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba kahawa nzito yenye kumfaa mgonjwa wa pumu ni miongoni mwa tiba alizoziamini. Kafeini hufungua mirija ya hewa kweli, ila kidogo, tena kwa saa chache. Theofilini huifungua zaidi, jambo ambalo Samson Hirsch alilionyesha kwa wagonjwa mwaka 1922. Basi Susu na daktari wa Uingereza walikuwa wamefika mahali pamoja, mmoja kwa kitabu na mwingine kwa sufuria.

Inafanyaje kazi? Mirija ya mapafu imezungukwa na misuli. Pumu inapoamka misuli hiyo hukaza kama kamba ya mbuzi, na mirija yenyewe huvimba na kujaa ute. Ndani ya chembe za misuli kuna mjumbe wa kemikali ambaye kazi yake ni kuiambia, "Legea." Kuna pia kimeng'enya kinachomvunja mjumbe huyo. Theofilini humzuia mvunjaji, mjumbe akadumu, misuli ikalegea. Isitoshe, mwilini kuna kitu kiitwacho adenosini ambacho huweza kukaza mirija ya mwenye pumu na pia hutuletea usingizi. Adenosini hufanya kazi kwa kuingia kwenye kipokezi chake kama ufunguo kwenye kufuli. Theofilini na kafeini zinafanana na ufunguo huo, kwa hiyo huingia kufulini zikakaa tu, adenosini ikabaki nje mlangoni. Ndiyo sababu hukosi usingizi kwa chai peke yake, hata vidonge hivi hukesha nawe.

Tatizo ni kwamba misuli haiko kwenye mapafu tu, na vipokezi hivyo viko pia moyoni na ubongoni. Dawa haijui kwamba wewe umeitaka ifike kifuani pekee. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba theofilini hufanya kazi vizuri ikiwa kati ya miligramu 10 na 20 katika kila lita ya damu. Siku hizi wengi hupendelea ibaki chini zaidi, kati ya 5 na 15. Ikipita 20, mgonjwa huanza kutapika, kutetemeka na kukosa usingizi. Ikizidi zaidi, moyo hupoteza mpigo wake na degedege huja. Wakati mwingine degedege huja bila hata kutanguliwa na kutapika. Kati ya kupona na kuumia kuna ujia mwembamba kuliko ule wa kupitia katikati ya mahindi. Hata hospitalini, aminofilini ya mshipa hupitishwa polepole, kwani ikisukumwa kwa haraka inaweza kuusimamisha moyo.

Sasa nijibu swali ulilonalo: Susu alizidishaje na kila siku alimeza 1×3 ileile? Chukua mtungi wenye tundu dogo chini. Ukiumiminia maji kwa kiasi kilekile kila siku, utafika mahali maji yanayoingia yatalingana na yanayotoka, na kina kitatulia. Mtungi ni damu, tundu ni ini. Ini lina kimeng'enya ambacho huibadilisha theofilini ili iweze kutolewa. Kwa mtu mzima asiyevuta sigara, nusu ya dawa huondoka kwa muda wa saa 8 hivi. Anayevuta sigara huiondoa kwa haraka zaidi, hata ndani ya saa 4 au 5, kwa maana moshi huchochea kimeng'enya hicho. Siku akiacha sigara, dozi iliyokuwa ikimtosha huanza kuwa nyingi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia huchukua zaidi ya siku nzima kuondoa nusu hiyo, nao wazee mara nyingi huiondoa polepole kuliko vijana.

Siprofloksasini ilikuja ikaliziba tundu. Dawa hii hukizuia kimeng'enya kilekile, na kwa wastani hupunguza utoaji wa theofilini kwa robo hadi theluthi, kwa wengine zaidi. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme damu ya mgonjwa ilikuwa imetulia kwenye miligramu 14 kwa lita. Tundu likizibwa theluthi moja, kina kitapanda polepole hadi mara moja na nusu ya kilivyokuwa. Kumi na nne mara moja na nusu ni 21. Haba na haba imejaza kibaba, na mgonjwa hakumeza hata kidonge kimoja zaidi! Halafu mjukuu mtiifu akaongeza kidonge. Halafu akaongeza turungi, na kafeini nayo hutolewa na kimeng'enya hichohicho kilichozibwa, kwa hiyo nayo ikakwama mwilini. Zaidi ya hayo, siprofloksasini yenyewe inaweza kuusogeza ubongo karibu na degedege. Je, hapo kulihitajika mchawi?

Susu alipona. Theofilini haina dawa maalumu ya kuiondoa nguvu, ila kuna makaa yaliyotengenezwa maalumu ambayo mgonjwa hunyweshwa, yakainasa dawa tumboni na hata kuivuta ile iliyokwisha kuingia kwenye damu. Alipopata fahamu vizuri alinyweshwa uji huo mweusi mara kadhaa. Bibi aliyechoma makaa ujana wake wote sasa akanyweshwa makaa uzeeni. Aliniangalia akasema, "Hata huu uji hawakuniuliza." Tukacheka. Kisha nikatoka nje, nikalia.

Basi hii ndiyo hoja yangu, na ndiyo sababu nimekusumbua kwa pembesita na mitungi. Dawa ambayo ujia wake ni mwembamba kiasi hiki haifai kuuzwa ndani ya bahasha isiyo na jina. Kibahasha cha kaki chenye 1×3 ni kitabu kisicho na maneno. Anayekibeba hajui alichobeba, anayempokea hawezi kumsaidia, na dawa ya pili ikija haijui kwamba ya kwanza iko ndani. Kama bahasha zangu zingekuwa na majina, yule mwuzaji wa pili angeweza kugutuka. Na hata kama asingegutuka, daktari hangepoteza muda akisoma hesabu ya darasa la pili.

Sheria ya nchi yetu inayohusu maduka ya dawa inaitwa Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Dawa na sumu ndani ya jina moja? Sasa naelewa. Waliotunga sheria walijua kwamba hivyo si vitu viwili vinavyokaa kwenye rafu mbili. Mara nyingi ni kitu kimoja, na kinachovitenganisha ni kipimo, na nani anakimeza, na pamoja na nini. Tena Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike na bidhaa aliyoinunua. Kama ninayo haki ya kujua sukari ina kilo ngapi, nikose haki ya kujua jina la kitu ninachompa Susu?

Najua nitajibiwa. Wapo watakaosema, "Hospitali iko mbali, foleni ni ndefu, pesa hakuna. Mwenye duka la dawa ndiye daktari wetu usiku wa manane." Ni kweli tupu, na sikusudii kuwachongea watu ambao wametufungulia milango saa sita za usiku tukiwa na mtoto mwenye homa. Lakini kuandika neno moja kwenye bahasha kunagharimu shilingi ngapi? Kuuliza, "Anatumia dawa gani nyingine?" kunachukua dakika ngapi? Sijaomba mashine. Nimeomba wino na swali.

Wengine watasema, "Mzee wa kijijini hata akiandikiwa jina hilo refu litamsaidia nini? Hajui kusoma." Hapo ndipo ninapokasirika. Susu hahitaji kulisoma. Anahitaji kulibeba. Barua ya mtu asiyejua kusoma haiandikwi tupu, huandikwa na akaenda kwa anayejua kuisoma. Na sisi tuliopelekwa shule kwa ndengu na mbuzi wao, kazi yetu ni ipi kama si kuwasomea?

Wapo pia watakaosema kwamba kosa ni la aminofilini, ipigwe marufuku. Sikubaliani nao. Zanthini hizi zimewasaidia wengi. Kafeini na theofilini zimetumika kuwafanya watoto waliozaliwa kabla ya wakati wakumbuke kupumua. Ni kweli lakini kwamba katika pumu vidonge hivi ni njia ya zamani, na kuna njia salama zaidi. Pafu moja la inhela ya salbutamoli lina mikrogramu 100, ilhali kidonge chake cha miligramu 4 kina dawa mara 40, kwa sababu kidonge lazima kizunguke mwili mzima ndipo kifike kifuani. Pia pumu ni uvimbe ndani ya mirija, na si kukaza kwa misuli tu. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, uliacha kupendekeza kwamba vijana na watu wazima watibiwe kwa inhela ya kufungua mirija peke yake, bila dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe. Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa wa pumu nyumbani ambaye kila juma anakimbilia vidonge, hiyo ni ishara kwamba apelekwe kliniki. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ninapendekeza nini? Kwa mwuzaji: andika jina la dawa, miligramu na tarehe kwenye kila bahasha, kisha uliza swali lako moja. Kwa mnunuzi: usiondoke dukani na bahasha isiyo na jina. Iombe iandikwe, kwa heshima, bila kelele. Kuuliza si ujinga. Bahasha zote za mgonjwa ziwekwe mahali pamoja, na akienda popote kutibiwa ziende naye. Na kwa mgonjwa mwenyewe: hata ukiwa umetibiwa miaka 20 kwa dawa moja, itaje kila mara kama unavyotaja jina la babako.

Kwa wanachama wenzangu nina ombi mahususi. Kila mwaka chama chetu hufanya mashairi, mijadala na michezo ya kuigiza, na hayo ni mema. Mwaka huu tuongeze jambo moja. Tuandike kadi ndogo, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kikamba, yenye mistari minne: jina langu, ugonjwa wangu, dawa ninazotumia, dawa zilizonidhuru. Kila mmoja wetu akifunga shule aende na kadi tano, akae na wazee wa kwao, awajazie kutoka kwenye maboksi na bahasha zao. Asiyejua jina la dawa aende akaliulize lilikonunuliwa. Tukiwa wanachama 40, hizo ni kadi 200. Lugha tunayoipigania kwenye jukwaa ithibitishe kwamba inaweza pia kulinda roho ya mtu.

Susu sasa anahudhuria kliniki, ana inhela mbili na kadi ya kwanza kabisa, niliyoiandika kwa mkono wangu. Ameifunga kwenye pembe ya leso pamoja na pesa zake. Juzi aliumwa na jino. Kabla ya kupewa dawa yoyote alifungua leso, akamwekea mganga kadi mezani na kumwambia, "Soma kwanza hii, mwanangu. Uji niulize."